Wanne wenye MS, marathoni moja, na pindo la kanga la mama

#1 Binti_Pangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu, nachangia mara moja moja kwenye mambo ya mapishi na ya viza. Leo naleta uzi mrefu, na nitaushusha kwa vipande kila nikitoka zamu, hivyo naomba mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Edinburgh, Uskoti, huu mwaka wa tisa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nina ugonjwa unaoitwa multipo sklerosisi, wenyewe tunauita MS. Mwezi Mei mwaka jana nilikimbia marathoni ya hapa kwa kupokezana, tukiwa wanne, na wote wanne tuna MS. Nasimulia kwa sababu nilipougua nilitafuta kwa Kiswahili mtu wa kunielezea mambo haya, sikumpata. Na najua yupo mtu Tanga, au Kakamega, au Bukavu, amekaa sebuleni na mguu uliokufa ganzi, anadhani yuko peke yake.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Neva zetu zimevikwa ganda la mafuta linaloitwa mailini, mfano wa ile plastiki inayofunika waya wa umeme. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili inaligeukia ganda hilo na kulichubua, kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Pakichubuka, ujumbe kutoka kichwani unachelewa au unapotelea njiani. Ndiyo maana kila mgonjwa ana dalili zake: huyu jicho, yule miguu, mwingine kibofu, mwingine uchovu wa kumlaza chini saa sita mchana. Hauambukizi. Hakuna dawa ya kuuondoa, zipo za kupunguza mashambulio. Aliyeueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni daktari Mfaransa Charcot, mwaka 1868, na hesabu ya dunia ya mwaka 2020 iliweka wagonjwa milioni 2.8, wengi wao wanawake.

Mimi ulinikuta Dar, nikiwa na miaka 26. Natoka Kariakoo jioni, nikaona jicho la kushoto lina ukungu, na nikiligeuza linauma kwa ndani. Nyekundu ya taa za barabarani niliiona kama tofali lililopauka. Hospitali niliyokwenda walinipa matone ya macho. Shangazi akasema ni jicho la watu, nikasomewa. Baada ya wiki sita macho yakawa sawa, na kila aliyenihudumia aliamini dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Sasa naelewa kwamba shambulio la MS mara nyingi hupoa lenyewe, na hapo ndipo linapowapoteza watu. Linaondoka, mnasahau, linarudi na sura nyingine.

Lilirudi nikiwa huku. Ganzi kuanzia kitovuni kushuka chini, kama nimevaa suruali ya kubana ambayo sikuivaa. Nikiinamisha kichwa kufunga viatu, umeme unashuka mgongoni hadi kwenye vidole. Nikapigwa MRI (picha ya ndani ya mwili), nikatolewa maji ya uti wa mgongo, nikaambiwa jina. Nikampigia mama. Akaniuliza lina dawa, nikamwambia la kuondoa kabisa hapana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ukapumzike, mwanangu."

Nikapumzika mwaka mzima. Naendelea kesho, zamu ni ya alfajiri.

#2 Mzigua90

Pole sana dada yangu. Nimeusoma wote kwa mkupuo. Tuko hapa, tunasubiri muendelezo.

#3 Nesi_wa_Zamu

Bibie hongera kwa kufunguka. Niongezee kidogo kwa wasomaji walioko nyumbani, maana nipo wodini mwaka wa kumi na tano sasa.

MS imeenea zaidi nchi za mbali na ikweta, na huko aliko mleta uzi ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi kuliko zote duniani. Utafiti mmoja uliochapishwa 2012 ulikuta visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti, vina wagonjwa 402 kwa kila watu 100,000. Kwetu ni wachache, lakini wapo. Shida ni kwamba mtu akija na mguu umepooza sisi tunawaza kiharusi, TB ya uti wa mgongo, kichocho, HIV, upungufu wa vitamini B12. Na ni sahihi kuanza na hayo kwa sababu ndiyo mengi na yana tiba. Kosa ni kuishia hapo.

Tena kuna ndugu yake MS anaitwa NMO, naye hushambulia macho na uti wa mgongo, na kwa watu weusi hatakiwi kusahaulika. Ana kipimo chake cha damu. Ni lazima watofautishwe, kwa sababu baadhi ya dawa za MS humzidishia maradhi mgonjwa wa NMO. Kwa hiyo mtu asinunue dawa kwa kusoma mtandaoni, hata kwenye uzi mzuri kama huu.

#4 Binti_Pangani

Ahsante sana Nesi. Mimi pia nilipimwa NMO kwanza, na daktari alinieleza sababu hiyohiyo.

Nilikuwa nimefika kwenye mwaka wa kupumzika. Nilikaa. Nikitoka kazini naingia kitandani. Miguu ikasinyaa, ngazi za ghorofa ya pili zikanishinda, na sikujua tena kipi ni ugonjwa na kipi ni kukaa. Nesi wangu wa MS (hapa wapo manesi wa ugonjwa huu peke yake) akaniambia kuna darasa la mazoezi la wenye MS, Jumatano jioni, ukumbi wa kanisa. Nilikwenda kwa kumstahi tu.

Nikiwa hapo mlangoni, kabla ya salamu, mama mmoja mwenye nywele za mvi akanitazama nilivyosimama nimeegemea fremu ya mlango, akaniuliza maneno matatu tu: "Barafu au kiti?"

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimechoka kuulizwa "unaendeleaje" na watu wanaotaka nijibu "vizuri". Yeye hakutaka habari. Alitaka kujua nimepata joto au nimeishiwa nguvu, basi. Nikasema kiti. Akanisogezea.

Sitataja majina yao, hawakuniruhusu wala sikuwaomba. Huyo mama nitamwita Mwalimu, anatoka hukohuko Orkney alikokutaja Nesi. Mguu wake wa kulia haunyanyuki kwa mbele. Chini ya goti amefunga kifaa kidogo kinachotuma umeme kwenye neva kila kisigino chake kinapoinuka, na mguu unanyanyuka. Ukikaa karibu naye unauona msuli ukiruka. Wa pili ni Kijana, wa Glasgow, mwepesi wa mbio kuliko sisi wote, lakini mkono wake unatetemeka kiasi kwamba chai hanywi bila mrija. Wa tatu Mzee, dereva wa basi mstaafu, miaka 63, anatembelea fimbo mbili na anajua kila choo cha umma kilichopo Edinburgh, na wenye MS mnaelewa kwa nini hiyo ni elimu ya maana.

Kijana ndiye aliyeleta wazo. Marathoni ya Edinburgh ina mbio za kupokezana za watu wanne kwenye njia ileile ya kilomita 42. Ngwe ya kwanza kama kilomita 13, ya pili 9, ya tatu 13, ya mwisho 7. Akasema, "Hakuna kati yetu anayeweza nzima. Lakini wanne tunaweza moja."

#5 Kaka_wa_Mwanza

Dada, samahani nakukatiza. Nimesoma hapo kwenye umeme unaoshuka mgongoni ukiinamisha kichwa nikaacha kula. Mdogo wangu wa kike, miaka 29, anasema hivyohivyo tangu mwezi wa pili. Mwaka juzi aliugua jicho moja likapona. Tumeshazunguka sana. Wengine wanasema presha, wengine wanasema amechezewa. Tufanye nini?

#6 Binti_Pangani

Kaka yangu, pole, na pole kwa mdogo wetu. Mimi si daktari, siwezi kusema ana nini. Nitakwambia ambacho ningetamani mtu aliniambia Kariakoo siku ile. Chukueni daftari. Andikeni lile jicho: upande gani, lilianza lini, lilichukua wiki ngapi, rangi zilibadilika au la. Kisha hii ya mgongoni, vilevile. Halafu nendeni na daftari hilo kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, si daktari yeyote, na mwambieni mambo haya mawili kwa pamoja. Kila moja peke yake ni jambo dogo. Yakiwekwa pamoja, jicho mwaka juzi na mgongo mwaka huu, ndiyo yanamfanya bingwa aombe MRI ya kichwa na ya uti wa mgongo.

#7 Nesi_wa_Zamu

Naunga mkono. Na kaka, kama ataanza kushindwa kukojoa au miguu ikaisha nguvu ghafla, usingoje miadi, mpeleke dharura siku hiyohiyo. Nimekutumia ujumbe faragha.

#8 Mtemi_wa_Ukweli

Mleta uzi mimi natofautiana na wewe na naomba usichukie. Kaka yangu ana huu ugonjwa, yupo Nairobi, na daktari wake alimkataza kabisa mambo ya mazoezi. Akitembea juani macho yanaingia giza. Sasa nyie kukimbia marathoni si kujiua? Kuna watu watasoma hapa waige waumie.

#9 Binti_Pangani

Sichukii hata kidogo, Mtemi. Swali lako ndilo lililonitesa mwaka mzima, nitakujibu kwa utulivu.

Macho kuingia giza ukipata joto kuna jina lake, Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani aliyeliandika mwaka 1890. Aliona wagonjwa wake wakitembea kwa nguvu wanapoteza uoni, akadhani mazoezi ndiyo yanayoharibu. Baadaye ikaja kujulikana kuwa ni joto la mwili. Neva iliyochubuka ikipata joto, hata nusu nyuzi tu, inashindwa kupitisha ujumbe. Ukipoa, inapitisha tena. Neva haikuharibika zaidi, imezimika kwa muda. Kabla ya MRI madaktari walikuwa wanamtumbukiza mgonjwa kwenye maji ya moto kuona kama dalili zitatokea, ndiyo ilikuwa kipimo.

Kwa hiyo kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wakae, na sitamlaumu daktari wa kaka yako, alifundishwa hivyo. Lakini mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, waliwapa wenye MS mazoezi ya kuongeza pumzi kwa wiki 15, na pumzi ikaongezeka, nguvu ikaongezeka, hata moyo wa huzuni ukapungua. Tangu hapo tafiti zimefuatana zikielekea hukohuko, na leo huku mazoezi ni sehemu ya matibabu.

Ila umesema jambo la kweli: watu wasiige. Mimi nilianza kwa dakika tano. Tano, nikihesabu kwa saa, kwenye njia ya ufukweni Portobello, na fizio wangu, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, alijua. Ilinichukua miezi kumi kufika kilomita 13. Kaka yako asianze na marathoni. Aanze asubuhi kabla ya jua, na atafute fizio anayeujua ugonjwa.

#10 Mtemi_wa_Ukweli

Nimekuelewa. Hiyo ya kwamba ukipoa inarudi nitampelekea kaka, maana yeye anaamini kila macho yakiingia giza ndiyo anaelekea kupofuka. Endelea na siku yenyewe.

#11 Binti_Pangani

Siku yenyewe.

Jambo la kwanza lililotuumiza kichwa ni barafu. Fulana maalumu za baridi zipo, ila ni ghali na nzito. Nikampigia mama Pangani nikamweleza. Wiki tatu baadaye ikaja bahasha, ndani kuna pindo la kanga, amelikata kwa mkasi kwenye kanga yake ya zamani ya pamba laini, akashona kingo. Akasema nifunge barafu humo nijivike shingoni, ndivyo alivyokuwa akimfanyia babu alipokuwa na homa. Nikawaonyesha wenzangu. Mwalimu akalishika, akasema hili ndilo litakuwa kijiti chetu. Yaani kila anayemaliza ngwe analivua shingoni, analitia barafu mpya, anamfunga mwenzake.

Kila kituo tukaweka mtu na deli la barafu. Mume wa Mwalimu, dada wa Kijana, na rafiki yangu mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi. Migongoni tukaandika namba kubwa, miaka ambayo kila mmoja ameishi na MS tangu aambiwe. Kijana 6. Mwalimu 14. Mimi 5. Mzee 22.

Marathoni huanzia katikati ya mji, saa nne asubuhi, inashuka hadi Leith, inafuata bahari Portobello, Musselburgh, Prestonpans, inaendelea mashariki hadi kwenye viwanja vya jumba la Gosford, inageuka, inarudi kumalizikia Musselburgh. Kijana alimaliza ngwe yake kwa saa moja na dakika tano. Mwalimu naye saa moja na dakika tano kwa kilomita 9, na alipofika kwangu nilisikia kifaa chake kikilia, betri inaelekea kuisha. Mikono yake ilikuwa na baridi na yangu inatetemeka. Akanifunga kanga. "Barafu au kiti?" Nikamwambia barafu. Nikaondoka.

Ngwe yangu ndiyo ile ya kwenda Gosford na kurudi. Bahari kushoto, upepo mgongoni. Kila mkimbiaji anaupenda upepo wa mgongoni. Mimi sikujua kitu kimoja ambacho sasa namwambia kila mtu: upepo ukikusukuma kwa nyuma huusikii mwilini. Unakimbia kwenye hewa iliyosimama. Jua likatoka, na joto langu likapanda bila mimi kujua.

Nilipoingia kwenye ile njia ya changarawe ndani ya miti ya Gosford, nikaanza kusikia sauti. Krr. Hatua nne, krr. Hatua mbili, krr. Nikadhani kuna mtu nyuma yangu anaburuta kitu. Ilikuwa ncha ya kiatu changu cha kushoto ikikwaruza changarawe. Mguu ulikuwa unanyanyuka kichwani kwangu, chini haunyanyuki. Nikashika kanga, barafu yote ilishakuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Kisha ukungu ukaja kwenye jicho, lilelile la Kariakoo. Mti ulio mbele nikauona kwa jicho moja tu.

Niliogopa. Nimesoma yote niliyomweleza Mtemi hapo juu, nayajua, na bado niliogopa kama siku ya kwanza.

Nikaacha kukimbia. Nikatembea, mkono kwenye paja la kushoto, nikilinyanyua. Watu wakanipita, na kila mmoja ananitia moyo kwa namna ya huku, "songa, umekaribia", na mimi sijakaribia. Halafu mama mmoja akanipita, akarudi nyuma. Alisoma namba mgongoni mwangu. Akajigonga kifua akasema, "Kumi na moja." Sikumwelewa. Akarudia, "Wewe tano. Mimi kumi na moja."

Hakuniuliza kitu. Akapunguza mwendo tukatembea pamoja kama mita mia mbili, bega kwa bega, hatuongei. Alikuwa na chupa ya maji baridi, akaniloweshea kanga, akanirudishia shingoni, akaenda zake. Jina lake silijui mpaka leo.

Tukageuka. Na hapo kwenye kugeuka upepo ukanijia usoni. Kila aliyekuwa karibu nami alilalamika, maana kwa mkimbiaji wa kawaida hapo ndipo marathoni inapouma. Mimi nilifungua zipu ya fulana. Nilisimama kabisa nikiwa nimepanua mikono. Dakika sita, saba, ukungu ukaanza kupungua kama mtu anafuta kioo kwa kiganja. Mguu haukupona wote, lakini krr ikawa hatua ya kumi, ya kumi na tano.

Tulipanga ningetumia saa moja na nusu. Nilitumia saa mbili na dakika tano. Kuelekea Cockenzie, kule ambako zamani palikuwa na minara miwili ya kiwanda cha umeme, nilikuwa natunga maneno ya kumwomba radhi Mzee kwa kumsimamisha kwenye baridi. Nilipofika nikaanza, "Samahani, nimechel..." Akanikatisha. "Barafu au kiti?"

Nikasema kiti. Kilikuwa tayari kimekunjuliwa.

Akavishwa kanga, barafu mpya, akashika fimbo zake mbili, akaondoka. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Kilomita saba. Sisi tukapakiwa kwenye gari kwenda Musselburgh kwa njia za nyuma.

Alichukua saa moja na dakika ishirini. Mita mia tatu za mwisho kuna uzio pande zote mbili, na sisi watatu tulitembea naye sambamba nje ya uzio, Mwalimu ananishika mimi, mimi namshika Kijana, yeye ndani peke yake na namba 22 mgongoni. Hakututazama. Alitazama mstari. Alipouvuka akasimama, akavua pindo la kanga, akalikamua, akalikunja vizuri mara nne kama mtu anayejua kitambaa cha mtu, akaja nalo mpaka uzioni akanipa. "Mwambie mama ahsante."

Saa tano na dakika thelathini na tano, kwa jumla ya miaka 47 ya MS.

Siku mbili zilizofuata sikutoka kitandani, na nilikosa zamu moja. Naliandika hilo ili mtu asidhani ni bure.

#12 Mzigua90

Sina la kusema. Hilo la kukunja kanga mara nne limenitoa machozi.

#13 Mbio_za_Mbulu

Dada umenikumbusha mzee wetu John Stephen Akhwari, Mexico 1968. Goti limeumia, giza limeingia, washindi wameshavishwa medali, yeye anaingia uwanjani na bandeji mguuni anachechemea. Alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Ninyi ndio Akhwari wa leo!

#14 Binti_Pangani

Ahsante kaka, na namheshimu mzee Akhwari kwa moyo wangu wote, shuleni Pangani tulisimuliwa habari zake tukiwa wadogo. Ila naomba niseme jambo ambalo nalifikiria kila siku.

Akhwari alikuwa peke yake. Akisimama, Tanzania imesimama. Kwetu kumaliza kwa gharama yoyote ni mafundisho ya hatari, kwa sababu mwenye MS hajui asubuhi ataamka na mwili gani. Mimi nilihitaji kwenye mbio mahali pa kusimama, na mtu wa kupokea nikisimama. Kama pale Gosford ningeshindwa kabisa, mpango ulikuwepo: Mzee angeanza ngwe yake hata kama muda wetu usingehesabiwa, na kanga ingemfikia kwa gari. Tulikubaliana hivyo ukumbini wiki nyingi kabla. Kwa sababu nilijua naweza kuacha, sikuacha.

Kuna msichana wa North Carolina, Marekani, Kayla Montgomery, aliyegundulika na MS akiwa na miaka 15. Alikuwa akikimbia miguu inakufa ganzi, na kusimama mwenyewe hawezi, akivuka mstari anaanguka. Mwaka 2014 alichukua ubingwa wa jimbo wa mita 3,200. Watu wengi wakisimulia habari yake wanaanzia kwenye ushindi. Mimi huwa namtazama kocha, aliyekuwa anasimama mwisho wa mbio na mikono wazi, kila mara, kumdaka.

#15 Shemeji_wa_Maskati

Assalam aleikum. Mimi nipo Maskati, mke wangu ana MS mwaka wa tatu. Huku joto mnalijua. Kuanzia mwezi wa tano hatoki kabisa, na kukaa ndani kunamla. Mnashauri nini?

#16 Binti_Pangani

Waaleikum salaam shemeji. Mwambie namsalimu sana. Wenzangu waliowahi kuishi Ghuba wanasema walitembea ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi, asubuhi kabla hayajajaa, au kwenye bwawa la kuogelea la maji yasiyo ya moto, maana maji yanauondolea mwili joto wakati unafanya kazi. Anywe maji ya barafu kabla ya kuanza, asisubiri mpaka apate joto. Na shemeji, kama inawezekana, tembea naye. Usimtangulie.

Na kuhusu dawa, kwa waliouliza faragha: Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa mara ya kwanza. Moja ni rituksimabu, ambayo tayari hutumika kutibu saratani za damu, hivyo hospitali nyingi kubwa zinaifahamu. Haimaanishi kesho itakuwepo kwenye duka la dawa la mtaani. Inamaanisha mgonjwa au daktari wa nyumbani akiomba, ana karatasi ya kuonyesha.

#17 Kaka_wa_Mwanza

Narudi kuleta mrejesho. Tulikwenda na daftari. Bingwa alilisoma lote kimya, akamuuliza mdogo wangu maswali kama saa nzima, akaandika MRI na vipimo vya damu, na hicho cha NMO alichokitaja Nesi kimo. Majibu bado. Lakini jana usiku mdogo wangu ameniambia ni mara ya kwanza mtu hakumwambia ana mawazo mengi. Amelala vizuri.

#18 Nesi_wa_Zamu

Alhamdulillah. Tuko pamoja, tujulishe.

#19 Binti_Pangani

Kaka, umenifurahisha usiku huu. Mwambie mdogo wangu majibu yakitoka, yoyote yale, kuna dada yake Edinburgh mwenye simu inayopokelewa.

Mlioniuliza kama mwaka huu tunarudi: tunarudi. Mzee alipata shambulio mwezi wa kumi na moja na sasa anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo ngwe ya mwisho ataichukua mama mmoja mgeni wa darasa letu, mwaka wake wa kwanza, bado analia akisema jina la ugonjwa. Mzee amesema yeye atakaa Cockenzie na deli la barafu. Pindo la kanga limeanza kuchanika kona moja. Nimemwambia mama, amesema niliache hivyohivyo, ataleta uzi wa rangi yake nilishone mwenyewe.

Jumatano hii tunaanza mazoezi, dakika tano.